Maji Yalipopiga Hodi

Siku maji yalipofika, Swaleha alikuwa amebandika kambale kwa moto mdogo, akatandika mkeka wake nyuma ya mlango na kusimama kuswali alasiri. Nyumba yake ni ya mwisho katika kijiji kidogo kilicho kati ya Minjila na mto, mahali ambapo barabara ya Garsen husikika zaidi kuliko inavyoonekana. Alikuwa katika rakaa ya pili aliposikia hodi. Aliye ndani ya swala hamjibu mtu, awe nani, kwa hiyo aliendelea. Hodi nyingine ikaja akiwa amerukuu. Ya mwisho ilimkuta amekaa tahiyatu, kidole kimenyooka, kisha aliyekuwa mlangoni akanyamaza. Swaleha alimaliza kwa utulivu wake. Alipogeuza uso kulia kutoa salamu, aliyaona maji yamesimama kizingitini. Alipogeuza kushoto, yalikuwa dirishani pia.

"Nimepiga hodi mara tatu, mama," yalisema maji. "Najua desturi. Ukipiga mara tatu usijibiwe, unarudi ulikotoka. Lakini mimi siwezi kurudi. Wale wako nyuma yangu wananisukuma."

Yalikuwa na lafudhi ya bara, ya kule mlimani yalikozaliwa, na sauti ya mtu aliyechoka na safari. Swaleha alikunja mkeka. Neno la kujibu lilikuwa limeshamfika mdomoni, maana mtu aliyelelewa haiachi hodi ikining'inia hewani. Ndipo macho yake yakaangukia kiganja cha Uledi, akafumba mdomo.

Uledi alikuwa mumewe. Ndiye aliyeijenga nyumba ile, akaikandika kwa mikono yake. Alipofika chini kabisa, pale ukuta unapokutana na kizingiti, magoti yalimuuma, akaegemea udongo mbichi ili ainuke. Kiganja kikabaki ukutani, vidole vimetanuka. Swaleha alitaka kukisawazisha. Uledi alimwambia akiache, hiyo ni sahihi ya fundi. Sasa Uledi hakuwepo, na picha zake zilikuwa zimekwenda pamoja na simu yake, ndani ya mto, siku ileile aliyokwenda yeye. Kilichobaki kwa Swaleha ni kile kiganja, na kilikuwa chini sana, mahali ambapo maji yakiingia yataanzia hapo.

Nyumba nyingine zote zilikuwa zimeshajibu. Wa kwanza alikuwa Abdia, mke wa Boru mfugaji, mwanamke ambaye chai yake huwa imeshamiminwa kabla mgeni hajakaa. Alikuwa uani anakamua mbuzi, akasikia hodi upande wa mto, akaitikia "Karibu, karibu ndani" bila hata kugeuka. Maji yakasema asante, yakaingia mpaka kiunoni. Kwingine mzee mmoja aliitikia usingizini. Watoto waliokuwa wamejifungia wakicheza waliitikia kwa pamoja, kama darasani. Maalim Mahadi, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliitikia kwa Kiarabu, na maji yakaelewa.

Hakuna aliyeyalaumu maji kwa hilo. Kilichozungumzwa zaidi ni kwamba mvua ilikuwa haijanyesha Garsen kwa muda mrefu, na anga lilikuwa jeupe mpaka upande wa Ijara.

Jua lilipokuwa bado liko juu, watu walianza kufika kwa Swaleha. Walikuja kwa mtumbwi, wengine wakibebana mgongoni, wakapita katika maji yaliyowafika kifuani, wakashuka ndani ya nyumba kavu yenye harufu ya kambale. Maji yalisimama wima mlangoni na madirishani kama pazia. Mwanga ndani ulikuwa wa kijani kidogo. Mara kwa mara samaki alipita dirishani, akatazama waliomo, akaendelea na safari zake. Kila aliyeingia alikamua nguo zake kizingitini, kuelekea nje, kwa adabu, ili asilete ndani kile ambacho hakikuruhusiwa.

Boru alifika na ndama wake. Huyu na Swaleha walikuwa hawajasemezana vizuri tangu ndama wale wale walipoingia kwenye mahindi ya mwanamke huyo na kuyamaliza. Siku ile Swaleha alimwambia kwamba hata shetani huwa anabisha kwanza, na Boru akajibu kwamba ndama hawajui hodi. Sasa alisimama nje, maji yamemfika kwapani, kamba mkononi, akaona haya kusema kitu.

"Boru, ingia," alisema Swaleha. "Wewe na watoto wako hao."

"Mama Fahad, mimi nashukuru," alisema Boru, akimwita kwa jina la mwanawe, na ndama wakaingia mmoja mmoja, wakajipanga chumbani kwa Swaleha kama waliokuwa wakilala humo siku zote.

Hivyo ndivyo walivyogundua kwamba mtu anaweza kuitwa ndani kwa jina lake, bila lile neno. Maana lile neno sasa lilikuwa hatari, na ndipo watu walipotambua jinsi lilivyo jingi katika vinywa vyao. Huwezi kusema sima iko karibu kuiva. Huwezi kusema shangazi yako anaishi karibu na daraja, wala kwamba karibu uanguke. Msimulizi yuko mbali na nyumba ile, analitumia anavyotaka, lakini waliokuwamo ndani walilizunguka kama shimo. Walisema si mbali. Walisema bado kidogo. Boru, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia na kuuzia ng'ombe, alianza kusema boma lake liko "kari...", na Abdia akamziba mdomo kwa kiganja, akaendelea kukoroga uji kwa mkono mwingine.

Kwa jumla walikaa vizuri. Hilo lazima lisemwe. Watu ambao hawakuwa wamekula pamoja tangu harusi ya mwisho walikula sinia moja. Maziwa ya Boru yaliingia katika uji wa Swaleha, na hakuna aliyekumbusha habari za mahindi. Jioni walishukuru Mungu kwa sauti moja, kisha wakamshukuru Swaleha. Naye aliwaambia wasimshukuru, yeye alikuwa anaswali tu.

Jambo hilo ndilo lililoleta mjadala. Abdia alishikilia kwamba Swaleha ameamua. Kila mtu alisikia hodi, alisema, na yeye peke yake akanyamaza, basi huo ni uamuzi.

"Yeye hakuamua," alisema Boru. "Alikuwa kwa swala. Kama alikuwa anapika, angejibu kama wewe, na saa hii sisi sote tuko juu ya mti."

"Baadaye je? Swala imekwisha, neno liko mdomoni, akalimeza. Nani alilimeza?"

Wote wakamgeukia Maalim Mahadi, ambaye alikuwa amekaa juu ya gunia la mpunga, kanzu imekunjwa magotini. Maalim ni mtu mpole, na amefundisha nusu ya kijiji kusoma. Siku Uledi alipozikwa, ndiye aliyekuja kwa Swaleha akamwambia imeandikwa. Maji ya mwaka ule yalifika alfajiri, bila mvua na bila habari, yakamkuta Uledi shambani, juu ya dungu, akilinda mahindi yasiliwe na viboko. Swaleha aliambiwa imeandikwa, akaamini, na anaamini mpaka leo. Ila alikuwa na swali lililokataa kulala. Kama imeandikwa, je, hakuna mtu mwingine yeyote aliyefanya lolote siku ile? Alimuuliza Maalim mara moja. Maalim alimjibu kwa upole kwamba swali hilo halina mwisho mzuri, akamaliza kahawa yake akaenda.

Sasa Maalim alieleza kama anavyoeleza chuoni. Alisema Mungu ndiye anayeumba kila kitendo, na mja hukichuma. Ni kama limau. Hukuliumba wewe, hukuupanda mti, hata njaa iliyokufikisha pale hukujitia. Lakini mkono uliochuma ni wako, na utaulizwa habari ya mkono. Kwa hiyo kunyamaza kwa Mama Fahad kumeumbwa, naye amekuchuma. Watu walipenda limau lile. Boru aliuliza kama ndama akichuma limau ni dhambi ya nani, na Abdia akamwambia anyamaze asome. Maalim alitabasamu. Alikuwa amechangamka, maana ni nadra mwalimu kupata darasa lisiloweza kutoka.

"Wala msidhani," aliendelea, "kwamba mkono ukichuma, Mwenyezi Mungu amejitenga nao. Hapana. Mungu yuko karibu."

"Asante," yalisema maji, yakaingia.

Yaliingia bila fujo, kama mgeni anayevua viatu. Yalivuka kizingiti, yakalowesha ncha ya mkeka, yakafika miguuni mwa ndama. Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliinua watoto na sufuria. Maalim alibaki na mdomo wazi, neno lake bado limo ndani.

Swaleha alisimama mbele ya maji. "Hukuitwa wewe," alisema. "Ametajwa Mungu."

Maji yalisimama. "Nimesikia neno."

"Neno ni lako. Maana si yako."

Maji yalifikiri kidogo. "Basi nimesikia vibaya," yalisema. "Naomba radhi." Yakaanza kurudi nyuma kwa taabu, kama mtu anayetafuta mlango katikati ya umati, mpaka yakasimama tena kizingitini.

Swaleha alichutama akakitazama kiganja. Kidole kidogo kilikuwa kimekwenda. Mahali pake palikuwa na udongo laini usio na umbo lolote. Alilia bila sauti, na safari hii hakuna aliyemwambia avute subira, kama walivyomwambia siku ya mazishi. Abdia alikaa naye chini, bega kwa bega.

"Huyo ni nani?" yaliuliza maji.

"Mume wangu. Alichukuliwa na maji shambani, alfajiri, mwaka ule mwingine."

"Yale hayakuwa mimi. Lakini sisi maji tunaambiana."

Swaleha alifuta uso kwa upindo wa leso yake. Swali lake la zamani likainuka, lakini kabla ya hilo lilitoka jingine ambalo hata hakujua analo.

"Yalimpigia hodi?"

"Yalipiga. Maji ya mto huu hupiga hodi. Huko juu hatujui, tunafundishwa njiani tukianza kupita Chewele. Mimi nimepita Chewele, nimepita Wenje, kote nimepiga hodi na kote wamenikaribisha. Watu wa huku wana adabu sana."

"Na yeye? Alijibu?"

"Alisema karibu. Wenzangu walikuwa hata hawajamaliza kusema hodi."

Swaleha alicheka. Uledi alikuwa hivyo. Mtu akikohoa tu njiani, Uledi ameshaitikia, ameshasogeza mkeka, ameshamwita mkewe aongeze maji kwenye mchuzi. Swaleha alikuwa amemgombeza kwa ajili hiyo miaka yote ya ndoa yao, kwamba ipo siku atamkaribisha asiyemjua. Kwa muda mrefu alikuwa akiwaza kwamba Uledi alikufa akiita na hakuna aliyesikia. Sasa alijua kwamba neno lake la mwisho lilikuwa lilelile alilolisema kila siku, na kwamba alilisema kwa furaha.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyo huyo." Akamshukuru Mungu, kwa sauti, na Abdia akasema amina.

Baada ya hapo aliweza kuuliza lile la zamani. Aliyauliza maji nani aliyeyapigia hodi yalipotoka kule juu. Maji yalijibu bila kinyongo. Yalisema yalikuwa yamefungiwa bwawani muda mrefu, mpaka yakajaa, kisha mtu akaja akazungusha gurudumu la chuma na mlango ukafunguka. Mtu yule hakusema kitu. Alikuwa akifikiria chakula chake cha mchana.

"Mimi sijawahi kuulizwa, mama," yalisema maji. "Nikiwa mvua nilishushwa. Nikiwa bwawani nilifungwa. Halafu nikafunguliwa, na tangu hapo nasukumwa. Kitu ninachofanya mwenyewe ni hodi tu."

Ndama waliendelea kucheua. Maalim Mahadi alishuka kwenye gunia akaja kukaa sakafuni, pale palipolowa.

"Kuandika ni kwa Mungu," alisema taratibu. "Gurudumu lina mikono." Halafu akamtazama Swaleha. "Mama Fahad, lile swali lako. Mwisho lilikuwa nao. Mimi ndiye niliyeogopa kwenda nalo huko."

"Umefika, Maalim," alisema Swaleha, akampa uji.

Siku zilizofuata walikuja wakubwa kwa mashua ya injini, wamevaa maboya ya rangi ya machungwa. Walileta unga, blanketi na mpiga picha. Pamoja nao alikuwamo bwana mmoja wa huko kwenye mabwawa, mwenye viatu vya mpira vipya. Aliruka kutoka kwenye mashua, akapita katika maji ya mlangoni, akaingia ndani moja kwa moja. Hakupiga hodi. Watoto walitazamana.

"Shikamoo, bwana," yalisema maji. "Wewe ndiye uliyetufungulia."

"Marahaba," alisema yule bwana, akiinua simu yake huku na huku kutafuta mtandao.

Hakuwa mtu mbaya. Alikaa alipoonyeshwa, akanywa chai ya Abdia, akaeleza kila kitu kwa utaratibu. Mvua ilikuwa imenyesha sana milimani. Bwawa lilijaa. Likijaa, kanuni inasema lifunguliwe, la sivyo litapasuka, na hapo kitakachokuja hakitakuwa na muda wa kusalimia mtu. Yeye mwenyewe hakuwa na hiari. Aliamriwa na mkuu wake, na mkuu wake aliamriwa na kanuni, na kanuni ilisubiri mvua. Kwa hiyo, alisema, ukifuatilia vizuri kutoka chini mpaka juu, utaona hii ni kazi ya Mungu, na binadamu hana budi kusubiri na kushukuru. Maalim Mahadi aliinamisha kichwa. Aliyatambua maneno yale kama mtu anavyoitambua kanzu yake mwilini mwa mwingine.

"Kushukuru tunashukuru," alisema Swaleha. "Hilo hukulileta wewe. Na kufungua sikuulizi. Bwawa likijaa lifunguliwe. Mimi nauliza hodi. Maji yamenipigia hodi, na yamesukumwa. Wewe hukusukumwa kunyamaza. Mbona hukupiga?"

Yule bwana alifurahi kwamba jambo lenyewe ni hilo tu, kwa sababu alikuwa na jibu.

"Ujumbe wa tahadhari uliandikwa, mama."

"Uliandikwa?"

"Uliandikwa vizuri kabisa. Kwa Kiswahili na kwa Kiingereza."

"Ukatumwa?"

Alieleza kwamba kutuma ni kazi ya meza nyingine. Ujumbe unahitaji kuidhinishwa, na mwenye kuidhinisha alikuwa safarini kuhudhuria warsha ya maafa. Lakini kuandikwa, uliandikwa, na hata sasa upo. Alisema hivyo kwa fahari ya mtu aliyetimiza sehemu yake. Swaleha alitaka kumuuliza kama ulikuwa umeandikwa mwaka ule wa Uledi pia, kisha akaona kwamba ameshajibiwa.

Walipiga picha. Blanketi zilikuwa nzuri, na watu walizipokea kwa moyo mweupe. Yule bwana aliporudi kwenye mashua, injini imeshawaka, aligeuka akapunga mkono.

"Karibuni ofisini," alisema. "Wakati wowote, mkiwa na malalamiko."

Waliokuwa ndani walishikana. Lakini maji yalijua nani ameitwa wapi. Yalisema asante, yakatazama upande wa juu kwa muda, kisha yakamwambia Swaleha kwamba yangependa sana kwenda, ila yeye mwenyewe anajua maji hayapandi mlima.

Kisha ikaja asubuhi ambapo msukumo wa nyuma ulikwisha. Maji yalishuka kutoka kifuani mpaka magotini, na kutoka magotini mpaka vifundoni. Nje kulionekana tope jeusi, zito, linalong'aa, limetandazwa shambani kote. Watu wa mtoni wanalijua tope hilo na thamani yake. Lilikuwa limetoka milimani, limechukua safari yote ile, na limebaki hapo bila mtu kulibeba. Swaleha alisimama mlangoni akalitazama, na mkono wake ulikuwa unatamani mbegu za mpunga.

"Mama, naomba ruhusa," yalisema maji. "Wale wa nyuma wamekwisha. Naenda baharini."

Hapo watu wote walimtazama Swaleha mdomoni. Mgeni akiaga kuna jibu lake, na kila mtu analijua, na linatoka lenyewe. Abdia alikuwa ameshainua kiganja, tayari kuziba. Swaleha aliona kile kiganja, akakishika kwa upole akakishusha. Hakuwa na haraka. Alitazama ukuta, vidole vyake vinne. Alitazama tope. Alimkumbuka Uledi, aliyekuwa akijibu kabla ya kuulizwa.

"Nenda salama," alisema. "Karibu tena."

Maji yaligeuka. "Umesema mwenyewe?"

"Nimesema mwenyewe. Sikuwa kwenye swala, na mdomo ni wangu. Lakini ukomee shambani. Hapa kizingitini pana mwenyewe."

"Nitapiga hodi," yalisema maji, yakaondoka.

Maalim Mahadi, ambaye mazoea yake hayawezi kumwacha kwa siku chache, alisema kwamba hata hilo alilolisema Mama Fahad kwa hiari yake lilikuwa limeandikwa. Swaleha alijibu kwamba inawezekana kabisa, na anamshukuru aliyeliandika kwa kuliacha lipite mdomoni mwake kwanza. Maalim alilifikiria jibu hilo mpaka nyumbani kwake, na baadaye akaanza kulifundisha.

Mpunga wa mwaka ule uliota bila kubembelezwa. Ulipovunwa, Swaleha alimwambia Boru alete ndama wake waje wale mabua. Boru alikuja nao mpaka mwanzo wa shamba, akawasimamisha, akapiga hodi kwa niaba yao. Swaleha alimjibu. Ndama wakaingia, na Boru akasimama pale anacheka peke yake, kwa furaha ya kukaribishwa.

Mwaka uliofuata, anga likiwa jeupe, Swaleha alikuwa shambani anafukuza ndege. Boru alikuwa kwenye tuta, na simu yake ilikuwa mkononi, kwa sababu pale juu ya tuta ndipo mtandao hupatikana kidogo. Hodi ilikuja kutoka mwisho kabisa wa shamba, upande wa mto. Ilikuwa na lafudhi ya bara.

Swaleha alimtazama Boru. Boru aliitazama simu, akaigeuza, akaipangusa kwa shuka yake, akaitazama tena, akatikisa kichwa.

Basi Swaleha alijifunga leso kiunoni, akamshukuru Mungu aliyemfanya awe macho, akamtuma Boru awaambie watu wahamishe vitu na wachunge midomo yao. Kisha akageukia mto akaitikia, kwa sauti ya kutosha, karibu, hapo hapo shambani. Maji yakasema asante, yakaanza kuingia taratibu kati ya mashina ya mpunga, na nyumbani, chini ya ukuta, vidole vinne vya Uledi vilikuwa vikavu.

Huko juu, ujumbe ulikuwa umeandikwa.